Jumapili ya Kumuua Bawabu

Mkasi ulikuwa kwenye koo la mume wake, na Fundi bado hakuridhika.

"Nyoosha miguu," alisema. "Maiti haikunji magoti."

"Mimi si maiti bado. Ndiyo kwanza unaniua."

"Basi tulia nikuue vizuri."

Alikuwa amemkandamiza kifuani kwa goti. Mkono wa kushoto ulishika sikio lake, kwa kuwa kichwani hapakuwa na nywele za kushika, na wa kulia uliuelekeza ule mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa chini ya taya, pale panapodunda. Mume alilala sakafuni katikati ya nyuzi na vipande vya nguo, anahema. Alikuwa muuza nyama mwenye kifua kama pipa, na mtaa mzima ulimwita Bucha. Mke alikuwa mshonaji, mwembamba, mabega yameinama kwa kukaa kwenye cherehani tangu usichana wake. Huyo ndiye Fundi.

"Hapo siyo," Bucha alisema. "Hapo utagonga mfupa, mkasi utateleza. Shuka kidogo. Hapo. Sasa ukisukuma, damu haitiririki, inaruka. Itakupiga usoni. Uandike kwamba alifumba macho."

"Nani, anayekufa?"

"Anayeua. Mara ya kwanza kuchinja lazima ufumbe macho. Mimi nilifumba."

Fundi akachomoa penseli iliyokuwa imechomekwa kwenye nywele, akaandika juu ya karatasi ya kaki aliyokatia mitindo ya magauni. Kisha akasema, "Haya, piga ukelele."

Bucha akapiga ukelele. Haukuwa wa mchezo. Ulianzia tumboni, ukapasuka kooni, ukaishia kwenye mkoromo wa mnyama anayemalizika. Kuku wa uani wakatawanyika.

Upande wa pili wa ukuta, sauti ya mwanamke mzee ikauliza, "Huyo nani tena?"

"Mpelelezi!" Fundi alijibu.

"Yule aliyemchoma moto kipofu? Vizuri! Mlichelewa!"

Huyo alikuwa Mama Sikio, mjane waliyepakana naye ukuta. Alikuwa amepikia wafungwa gerezani mpaka alipostaafu, na hakuna kelele iliyomtisha. Mara ya kwanza aliposikia Bucha analia hivyo, aliuvunja mlango wao kwa mchi wa kinu, nyuma yake wapangaji wote wa ua, wakamkuta mume yuko chini na mke anaandika. Walipoeleweshwa walicheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku ile hakuna aliyebanduka kwenye kigoda chake kwa ajili ya ukelele wa chumba kile. Walichofanya ni kutoa hukumu kupitia ukutani: leo mmeua haraka mno, leo yule mtoto mngemwacha, leo hata sisi tumeogopa.

Kitabu chao kilianza siku moja walipokuwa wanarudi kanisani. Mchungaji alikuwa amehubiri mwisho wa dunia, na Bucha alitembea kimya hadi kona ya karibu na nyumbani, halafu akasema, "Ule mwisho wa dunia wa mchungaji mbona hauna watu? Una moto tu."

"Wewe ungeweka nini?" Fundi akamuuliza.

"Ningeweka mtu anayetafuta maji ya kumkogesha mtoto wake."

Basi. Watoto wao walikuwa wamekua na kwenda zao, chumba kilikuwa kimya kupita kiasi, na jioni ile ile wakaanza. Walibuni mji ambao mtawala wake aliufunika wote kwa mabati, ukuta hadi ukuta, kama sufuria, kwa sababu alikuwa ameona kwamba watu wakitazama juu huanza kuomba, na wakianza kuomba huacha kumwogopa. Wakauita Mji wa Mfuniko. Aliyekutwa ameinua uso alipigwa. Aliyekutwa amekunja mikono kwa sala alipelekwa langoni, akavunjwa viganja juu ya jiwe.

Na katika kitabu kile kila mmoja alikuwa na kazi yake, ingawa watu waliosikia hawakuamini. Mauaji yote yalikuwa ya Fundi. Huyu mama mpole, aliyeshika sindano kwa vidole viwili kana kwamba anashika mbawa za kipepeo, ndiye aliyechoma, aliyenyonga, aliyezamisha. Bucha, aliyeshinda na shoka mkononi na damu hadi kwenye viwiko, akirudi alioga, akavaa shati safi, akaandika matumaini. Ni yeye aliyeandika kwamba bati moja la mfuniko lilipata kutu, likatoboka tundu dogo kama kifungo cha shati, na mwanga ukashuka hadi chini, na watu wakapanga foleni gizani kila mmoja auguse kwa kiganja.

"Nyama nimeiona kutwa," alisema. "Nikifika nyumbani nataka kuona mtu mzima."

Ila aliona mke wake anamaliza watu kama mpunga, ndipo akamwekea sharti. Ukiua mtu, umzike mwenyewe. Umwandikie nani alimwosha, nani alichimba, na lazima pawe na mmoja wa kumlilia. Bila wa kumlilia, hafi.

Fundi alilalamika wee, akakubali. Sharti lilimpunguza kasi kweli, kwa sababu mazishi yalimchosha kuliko mauaji.

Halafu likatokea la mdogo wake Fundi.

Mdogo wake Fundi aliuza nyanya chini, nje ya lango la soko. Asubuhi moja walinzi waliamriwa wasafishe lango. Yule wa kwanza kutoka, watu walimwita Komeo, kwa kuwa ndiye aliyefunga na kufungua. Alikuwa na kilema cha mguu wa kulia, njiti ya kiberiti mdomoni, na funguo alizokuwa akizizungusha kidoleni. Hakusema ondokeni. Rungu la kwanza lilipasua beseni, nyanya zikasambaa. Mdogo wake Fundi akainama kuziokota, akainua uso kuomba, na rungu la pili likampata usoni. Waliokuwepo walisema jicho lilitoa sauti. Fundi alipofika aliukuta uso wa mdogo wake umevimba kama unga uliochachuka, na kilichokuwa jicho kinateremka shavuni pamoja na maji ya nyanya, huwezi kutenga kipi ni kipi. Alikishika kichwa kile mapajani mpaka hospitali. Walipokwenda kushtaki waliambiwa kuna maelezo kwamba dada huyo alianguka. Kesho yake Komeo alikuwa langoni, anazungusha funguo.

Hapo ndipo Bawabu alipoingia kwenye Mji wa Mfuniko.

Alikuwa mlinzi wa lango, yule anayevunja watu viganja. Alitafuna njiti. Alizungusha funguo. Alichechemea.

"Mke wangu," Bucha alisema alipoisoma, "huyu watu watamjua."

"Nimebadilisha mguu. Wake ni wa kulia, huyu wa kushoto."

"Mguu tu?"

"Mguu unatosha."

Haukutosha. Kila Jumapili baada ya ibada watu walibeba vigoda vyao hadi uani kusikiliza sura mpya, na Bawabu alipochechemea mara ya kwanza, ua wote uligeuka kumtazama mdogo wake Fundi, aliyekaa mbele na kitambaa kwenye tundu la jicho. Yeye akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu siku ile. Fundi alipoona kicheko kile aliongeza Bawabu sura baada ya sura. Alimfanya aogope panya. Alimfanya ajikojolee. Alimfanya avunje mikono ya mama mzee huku anapiga miayo. Sokoni watoto wakaanza kuchechemea nyuma ya Komeo. Wauza samaki wakamwita Bawabu machoni pake. Akifukuza mtu, mtu anamwambia, ngoja Jumapili tu.

"Lini anakufa, dada?" mdogo wake aliuliza kila wiki.

"Jumapili ijayo," hatimaye Fundi akamjibu. "Nakuahidi. Chini ya lango lake mwenyewe. Linamwangukia kiunoni, anakufa taratibu."

Habari zikaenea mtaa mzima: Jumapili anauawa Bawabu.

Bucha akagoma. "Nani anamzika?"

"Mbwa."

"Nani anamlilia?"

"Hakuna. Nimetafuta, hakuna."

"Basi hafi. Sharti ni sharti."

"Wewe uko upande wake?"

"Mimi niko upande wa kitabu. Tulisema tunaandika mwisho wa dunia wenye watu ndani."

"Yule si mtu."

"Ndiyo maana umeshindwa kumzika."

Wakanuniana siku mbili, wanapitishiana chumvi bila kutazamana. Fundi aliandika na kufuta. Kumwangushia mtu lango la chuma kiunoni aliweza, sauti ya mifupa aliiandika vizuri hata mwenyewe ikamtia kinyaa. Ila kila alipofika kwa mtu wa kulia, penseli iliganda. Alijaribu kumpa mama, akamfuta. Akampa mbwa wake, Bucha akasema mbwa hahesabiki.

Alhamisi mchana ng'ombe hawakuletwa, Bucha akafunga duka, akarudi mapema. Alikuwa amekaa kitandani anakunja mashati yaliyoshonwa, Fundi yuko kwenye cherehani anatia pindo pazia zito la mtu. Mlango ulisukumwa kwa teke. Akaingia Komeo, rungu mkononi, bila njiti mdomoni.

"Mwandishi ni nani?" aliuliza.

Bucha akasimama. "Karibu, bwana. Keti tu…"

Rungu lilimkata maneno. Lilimpata begani, akapepesuka, akaangukia meza ya kukatia. Komeo akamshika mkono wa kulia, akaulaza juu ya ukingo wa meza, kiganja nje.

"Ndivyo mlivyoandika, siyo?" alisema. "Juu ya jiwe, siyo? Ndivyo ninavyofanya mimi?"

Akapiga. Fundi alikuwa ameandika sauti ile mara nyingi sana, kila mara alitafuta neno lake, na sasa aliisikia. Ilikuwa ndogo, kama kuni kavu. Mkono wa Bucha ukakunjika mahali ambapo mkono haukunjiki, na Bucha akapiga ukelele.

"Heee!" Mama Sikio akaitikia ukutani. "Leo mmepatia!"

"Jirani! Msaada!" Bucha alilia. "Jirani, nauawa!"

"Hilo la nauawa mlishalisema kwa mpelelezi, badilisheni!"

"Ni kweli! Mama Sikio! Kwa jina la Yesu, ni kweli!"

"Hapo sawa! Hapo hata mimi nimesisimka!"

Komeo aliinua rungu tena, safari hii usawa wa kichwa. Fundi hakukumbuka kusimama. Alilitupa lile pazia zito juu ya kichwa cha mtu yule, na rungu likanasa ndani ya kitambaa, likashuka pembeni, likavunja taa. Kisha akampiga teke mguu. Wa kulia. Hakukosea hata chembe. Komeo akaenda chini kama gunia, na Fundi akawa juu yake, goti kifuani, mkono wa kushoto umeshika sikio, mkasi chini ya taya. Hakuuliza mahali. Alishuka kidogo, akapita mfupa, akasimama pale panapodunda. Ncha ilikuwa imeshatoboa ngozi. Uzi wa damu ukateremka shingoni hadi kwenye kola.

Komeo hakujitikisa. Macho yake yalikuwa wazi kabisa.

Fundi akagundua kwamba yake ameyafumba. Akayafumbua.

"Mbona kimya?" Mama Sikio aliuliza. "Ndiye Bawabu huyo? Mmalizie, Fundi! Tumechoka kusubiri!"

Pale chini karibu na meza, Bucha ameukumbatia mkono wake kama mtu anayebeba mtoto mchanga. Uso ulikuwa wa majivu. Akasema kwa pumzi, "Mke wangu. Nani anamlilia?"

"Nyamaza wewe."

"Muulize. Nani atamlilia?"

Fundi akausogeza uso wake karibu na ule wa Komeo. Harufu ya jasho ilimpanda puani. "Umesikia swali," alisema. "Nani atakulilia wewe?"

Koo lilipanda na kushuka chini ya ncha ya mkasi. "Nina mtoto," Komeo alisema. "Wa kike. Hana meno ya mbele, yameng'oka majuzi. Mama yake alishatuacha. Jana katoka shule kaniuliza, baba, Jumapili wakikuua nitalala kwa nani? Nikamwambia ni hadithi. Akasema, shuleni wanasema si hadithi. Leo kakataa kutoka chini ya kitanda. Nimemwacha huko. Nikasema, nije niwavunje mikono ya kuandikia. Wote wawili. Basi, sikuwa na lingine."

"Na mdogo wangu?"

Komeo akatazama dari.

"Uliyemtoa jicho. Unajua hata alikuwa anauza nini?"

"Nyanya," alisema. "Nilizikanyaga. Nilirudi nyumbani viatu vyekundu, mwanangu akadhani ni damu. Nikamwambia ni nyanya. Vilikuwa vyote viwili."

Mkono wa Fundi ulichoka. Alikuwa amemtafutia Bawabu mtu wa kumlilia siku kadhaa, na sasa amempata, amejikunyata chini ya kitanda, hana meno ya mbele. Sharti lilikuwa limetimia. Angeweza kumuua kwa haki zote za kitabu.

"Amekufa?" sauti ikauliza ukutani.

"Bado!" Bucha alijibu, machozi yanamtoka. "Bado tunajadiliana!"

Fundi akauondoa mkasi. Akaondoa goti. Akarudi nyuma hadi mgongo wake ukagusa cherehani, mkasi ungali mbele yake, na akasema neno moja. "Toka."

Komeo alijaribu kusimama, mguu ukakataa. Akaangalia rungu lake, Fundi akalikanyaga. Akamtazama Fundi usoni kama mtu anayengoja mkono. Fundi hakumpa mkono. Basi akatoka kwa kutambaa, viwiko na goti moja, akiburuta mguu wa kulia juu ya nyuzi na vioo vya taa, akapita kizingiti, akapita kuku, akapita wanawake wawili wa ua waliokuwa wanachambua mchele, nao wakabaki wameachama mdomo, sahani zikawaponyoka.

Hapo ndipo Mama Sikio alipokuja mbio na mchi wake. Aliuona mkono wa Bucha, akaona matone ya damu sakafuni, akakaa kwenye kizingiti na kujifunika uso kwa upande wa khanga. "Nilisema mmalizie," alirudia. "Mama yangu wee, nilisema mmalizie."

Zahanati walimfunga Bucha plasta kutoka vidoleni hadi juu ya kiwiko. Mhudumu aliuliza imekuwaje, Bucha akaeleza yote, bila kuacha kitu. Mhudumu akaandika: ameanguka.

"Familia yetu tunaanguka sana," Fundi alimwambia mume wake njiani.

"Usinichekeshe, nikicheka unauma."

Ijumaa na Jumamosi Fundi aliandika. Mume wake alilala mkono juu ya mto, kila baada ya muda anaomba maji.

"Niambie wewe la kuandika," Fundi alimsihi. "Sehemu ya matumaini ni yako."

"Mkono wangu ndio huo, umeuona. Andika wewe."

"Mimi siwezi. Kuua ni rahisi, unaua mara moja yamekwisha. Huyu akiishi, itabidi kila sura nimtafutie la kufanya."

"Enhe," Bucha alisema, akafumba macho. "Sasa umeijua kazi yangu."

Jumamosi mdogo wake alikuja. Alikuwa ameshasikia, mtaa mzima ulikuwa umesikia. Alikaa karibu na cherehani, akaligusa lile rungu lililosimamishwa ukutani, akaurudisha mkono wake haraka.

"Ulimshika," alisema. "Ulikuwa naye chini ya mkasi."

"Ndiyo."

"Na ukamwachia."

"Ana mtoto, mdogo wangu."

"Na mimi nina jicho moja. Wewe unayo mawili, ndiyo maana unaona na watoto wa watu." Akasimama. "Kesho nakuja kusikia ulichoniahidi. Nitakaa mbele."

Fundi alichukua karatasi ya kaki, akachonga penseli, akaikodolea macho.

Jumapili ua ulijaa kuliko siku zote. Watu walikaa juu ya ndoo, juu ya mawe, wengine walipanda ukuta. Mdogo wake Fundi alikaa mbele kama alivyosema, miguu pamoja, mikono mapajani. Bucha aliwekewa kiti chenye mto. Fundi akasimama mlangoni kwake, akasoma.

Akasoma jinsi lango kuu la Mji wa Mfuniko lilivyokatika minyororo. Akasoma chuma kilivyoshuka, na Bawabu alivyogeuka akachelewa kwa sababu ya mguu wake wa kushoto, na lango lilivyomkuta. Ua ukaguna kwa raha. Akasoma mfupa, akasoma ukelele, akasoma alivyokwaruza ardhi hadi kucha zikang'oka. Halafu akamleta mwanamke. Mwanamke yule alikuwa ametobolewa macho na Bawabu mwenyewe, akaja akipapasa, akifuata sauti ya anayelia, mpaka mkono wake ukagusa kishikio cha kuinulia lango. Bawabu akamtambua, akanyamaza. Mwanamke akauliza, nani hapo? Akauliza tena. Kutoka gizani kitoto kikajibu, ni baba yangu.

Uani watu wakasogea mbele kwenye vigoda vyao.

Mwanamke akashika kishikio kwa mikono miwili, akakivuta. Lango likapanda kidogo, likatosha mtu kupita chini. Akasema, mkono wangu sikupi, toka mwenyewe. Na Bawabu akatoka kwa tumbo, anatambaa, anaburuta mguu wa kushoto nyuma yake juu ya vipande vya chuma, wote aliowavunja mikono wamesimama pande mbili wanamtazama. Hakuna aliyempiga. Hakuna aliyemwinua. Alitambaa hadi mahali tundu la kifungo linapomwaga mwanga, na foleni ikamwambia, rudi nyuma, anza mwisho kama wengine.

Fundi akashusha karatasi. "Imeishia hapo," alisema.

"Hafi?" mtu aliuliza kutoka juu ya ukuta.

"Hafi."

"Aah! Mmetupotezea Jumapili!"

"Nyamazeni!" Mama Sikio aliwakaripia, mchi mkononi. Siku hizo hakuuachia.

Mdogo wake Fundi alikuwa hajasogea. "Huyo mwanamke si mimi," alisema, si kwa sauti kubwa, lakini kila mtu alisikia. "Mimi nisingevuta."

"Najua," Fundi alijibu. "Sikuandika kwamba ni wewe."

Ndipo watu wa nyuma wakaanza kupishana, na minong'ono ikapita kama upepo kwenye majani. Kwenye geti la ua alisimama Komeo. Aliegemea fimbo ya kawaida, shingoni plasta ndogo, na mabegani kwake kimekaa kitoto cha kike kimeshika masikio ya baba yake kama usukani. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini. Wanaume wawili wakasimama. Bucha akawafanyia ishara kwa mkono mzima wakae.

Mdogo wake Fundi aligeuka, akamtazama kwa jicho lake moja. Komeo hakuweza kulikabili. Alitazama chini, akatazama viatu vyake. Midomo ilicheza kama mtu aliyejiandaa kusema mengi, na mengi yakamkimbia.

"Mguu," alisema mwishowe. "Ni wa kulia."

Hakuna aliyecheka.

Fundi akachomoa penseli kwenye nywele. Akaiweka karatasi kwenye mwimo wa mlango, akakata neno moja, akaandika jingine juu yake, akapitia chini na kukata tena kila alipolikuta.

Mdogo wake alikuwa bado amegeukia geti, bado anatazama. Kitoto kule juu ya mabega kilimpungia mkono, kikacheka bila meno. Hakukipungia. Akajirekebisha kwenye kigoda chake, akarudi kutazama mbele.

"Dada," alisema. "Soma tena pale anapotambaa."

Fundi akasoma tena, na safari hii mguu ulikuwa wa kulia.